Segera, Kata Kulia

Same ni kushoto. Kila mtu anajua Same ni kushoto.
Wazee wa kina Nakijwa walishatandika mikeka,
bahasha ya mahari ilikuwa mapajani mwangu,
na Hatibu, mwoaji mwenyewe, usukani mkononi,
akawasha taa ya upande usio wetu.
"Unakwenda wapi?"
"Kulia," akasema.
Nikamtazama macho. Yalikuwa makavu.

Hapo ndipo nikaisikia kaseti.

Kaseti ya baba, ya dakika sitini,
ufa wake umezibwa kwa plasta ya kidonda,
juu yake mwandiko wa karani wa bohari:
*Bi Mwantumu Mhando. Usifute.*
Tumekua na wimbo huo kama mtu anavyokua na kovu:

*Mlango sikuufunga, nimeurudishia tu,*
*na ukija, usigonge —*

halafu tak.
Halafu mchanga, fuuu, mpaka upande uishe.
Miaka yote tulimlaumu baba na kidole chake,
kidole kilichokata pasipo pa kukata.
Hata siku ya kumzika, Hatibu alininong'oneza:
"Kaondoka na mwisho wake."

Kilomita sabini na kitu. Hale. Muheza.
Mkonge umepanga mistari kama watoto wa gwaride.
Mjomba anapiga simu, namwambia pancha.
Anapiga tena, namwambia pancha nyingine.

Ngamiani barabara zina namba,
na fundi baiskeli wa barabara ya kumi na nne
hakuuliza sisi ni nani. Aliuliza kama tumekula.
Kisha akafunga kibanda, akatutangulia kwa miguu.

Kaburi la saruji, limepasuka pembeni.
Jina limechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi,
na aliyechora aliishiwa nafasi:
MWANTU,
na chini yake, peke yake, MU.
Sauti iliyokuwa ikijaza nyumba yetu mpaka uani
imekosa pa kuenea!
Hatibu aling'oa magugu na shati lake la posa,
tukasoma Fatiha, tukakosea, tukaanza upya.

Bintiye, Bi Kibibi, alikinga kanga
tukammiminia machungwa ya Muheza.
Tulipomuuliza, alicheka.
"Mwisho? Mwisho upi?
Harusini aliumalizia kitandani,
Idi aliumalizia jikoni,
penye wadeni wake aliumalizia kwa majina yao.
Mama alikuwa haandiki kitu.
Ila mwaka ule baba yangu alipotoka na sanduku,
akawa akifika hapo kwenye *usigonge*, ananyamaza.
Wapiga fidla walidhani amesahau.
Huo mkanda wenu ni wa mwaka gani?"

Hatukujua.
Baba aliandika *Usifute*. Mwaka hakuandika.

Njiani tukaurudisha nyuma, tukapandisha vioo.
*Na ukija, usigonge —*
na hapo, kabla ya tak, kuna kitu.
Mimi nasema ni pumzi.
Hatibu anasema ni kiti, mtu anakaa.
Tukarudia mara tisa, toka Pongwe mpaka Hale,
na kila mara kidole cha baba kilichelewa kidogo zaidi,
au ni masikio yetu yaliyokuwa yakimsamehe.

Kisha Hatibu akajaribu mwenyewe,
kwa ile sauti mbaya aliyoirithi:
"*Sukuma, taa inawaka.*"
Nikahesabu kwa vidole juu ya bahasha.
"Imezidi moja."
"Basi na izidi."

Segera, simu ikalia.
Wazee wanauliza, kwa heshima zote,
gari hilo lina matairi mangapi.